Naombeni ushauri: tukate wapi ili tupate milioni 2.8 ya kupaua kabla ya vuli?

Mama Vifungo
Wakuu habari za usiku. Mimi ni msomaji tu humu, ila leo usingizi umegoma nikaona niandike.

Tuna boma letu Chanika, lipo kwenye lenta tangu mwaka juzi. Masika iliyopita maji yamekula ukuta wa jikoni, ukipitisha kidole kwenye tofali mchanga unadondoka. Fundi anasema vuli ikilikuta tena halina bati, kozi tatu za juu tutabomoa. Hesabu yake ya kupaua ni 4,500,000 pamoja na mbao, mabati geji 30 na ufundi. Mkononi tuna 1,700,000. Bado 2,800,000, nayo nataka itimie mwisho wa Septemba, yaani laki tatu na nusu kila mwezi kuanzia mwezi huu wa pili.

Mume wangu ni dereva, anapokea 700,000. Mimi nashona nyumbani, kwa wastani napata 250,000. Matumizi: kodi ya nyumba (Kimara) 150,000, chakula 330,000, ada ya mtoto ukiigawa kwa mwezi 100,000, gari la shule 45,000, nauli 70,000, gesi na mkaa 60,000, luku 30,000, maji 15,000, vocha na bando 30,000, dada wa kazi 70,000, nyumbani kwa wazazi 40,000. Inabaki elfu kumi.

Nionyesheni pa kukata. Tafadhali msiniambie niongeze kipato, na dada wa kazi simwondoi.

Mtu wa Kibaigwa
Dada, chakula 330,000 mpo wangapi? Naona kabisa unanunua sembe ya kilo kilo dukani. Acha. Mwezi wa saba mahindi yakishuka nunua gunia, saga dona kidogo kidogo. Yanayobaki weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Toa hewa, funga nailoni ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ndipo ufunge kiroba. Dumuzi anakosa hewa, anakufa bila dawa. Mama yangu pale Kongwa alikuwa anapoteza debe baada ya debe kwa dumuzi, tangu tumpelekee hiyo mifuko anauza mahindi Februari kwa bei anayotaka yeye. Wafanyabiashara wanamfuata mlangoni.

Mama Vifungo
Asante kaka. Ila mwezi wa saba ni mbali, mimi nataka kuanzia mwezi huu. Tupo watano pamoja na dada.

Bi Mkubwa Tabata
Mwanangu usinichukie. Unashinda nyumbani na una dada wa kazi? Sisi tumelea sita, mtoto mgongoni, chungu jikoni, na mashamba tulilima. Hiyo 70,000 kwa miezi minane ni zaidi ya laki tano. Mnataka nyumba kwa maneno.

Mama Vifungo
Shikamoo mama. Kushinda nyumbani si kukaa bure. Msimu wa sare za shule naondoka kwenye cherehani saa saba usiku. Nikimwondoa huyu binti, hiyo 250,000 itakuwa laki. Naye ana mama yake anamtegemea.

Waya Mmoja
Mnashea mita na wapangaji wengine? Ukiwa kwenye kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya makato. Ukitoka hapo ni 292. Nyumba ya wapangaji wanne mita moja lazima mzidi, hivyo hata wewe unayewasha taa mbili unanunua kwa bei ya mwenye friji. Muombe mwenye nyumba kila mtu awe na mita yake. Na hiyo pasi ya kushonea, panga nguo zote upige mara moja. Kuwasha na kuzima kila nguo ndiko kunakokumaliza.

Mama Vifungo
Tupo wapangaji watatu mita moja. Kwa kweli hili sikulijua, kesho namfuata mama mwenye nyumba.

Baba Kayumba
Ada 100,000 na gari 45,000. Hapo ndipo penye bati lako. Shule za serikali hazina ada tangu 2016, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita. Wangu watatu wote Kayumba. Wa kwanza yupo chuo, anapata mkopo. Hawa wadogo jioni nakaa nao mezani dakika arobaini, daftari kwa daftari, basi. Watu wanalipa rangi ya basi la shule.

Mama Vifungo
Muhula wa kwanza umeshalipwa. Na mtoto kule ameshazoea, siwezi kumhamisha katikati ya mwaka.

Bi Mkubwa Tabata
Dada wa kazi hatoki, mtoto hahami, kipato hakiongezeki. Sasa umekuja kuomba ushauri au umekuja kutusalimia?

Sauti ya Zege
Mimi ni fundi, miaka mingi nipo kwenye mapaa. Kabla ya kufunga mikanda naomba kujua, kiwanja kina karatasi gani na zina jina la nani?

Mama Vifungo
Karatasi zipo kaka. Nilikuwa naomba tubaki kwenye bajeti.

Sauti ya Zege
Sikuuliza kama zipo.

Mama Vifungo
Zipo ndani ya familia. Ni hati ya mauziano ya serikali ya mtaa, eneo lenyewe bado halijapimwa.

Binti wa Maramba
Ndani ya familia ndiyo nani? Dada, mpaka hapo nimeshaanza kuumwa tumbo.

Mama Vifungo
Sawa, naandika. Hati ina jina la kaka yake mume wangu. Kiwanja kilipatikana sisi tukiwa Mtwara kikazi, muuzaji alikuwa na haraka, tukamtumia shemeji hela akaenda kununua. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo, wakaandika jina lake. Karatasi mimi nimeiona kwa macho yangu: karatasi ya mistari, peni ya bluu, muhuri wa serikali ya mtaa umekaa upande, mashahidi wawili, na vipimo vimeandikwa hatua 20 kwa 25.

Kabla hamjasema chochote: shemeji ndiye aliyemsomesha mume wangu baada ya baba yao kufariki. Ni mtu wa swala tano. Tofali zote tumenunua sisi na majirani wote wanajua ni nyumba yetu. Jina tutabadilisha tukishahamia. Kuliibua sasa ni sawa na kumwambia hatumwamini, na mume wangu hataki hata kulisikia.

Binti wa Maramba
Ngoja nikueleze ya kwetu. Baba alijenga kwenye kiwanja chenye jina la mdogo wake, hawakuwahi kugombana hata siku moja. Mdogo mtu akafa kwa ajali. Wanawe wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, nyumba yetu ikaorodheshwa kwenye mali za marehemu. Hawakuwa na roho mbaya, karatasi ndiyo waliyoikuta kwenye sanduku la baba yao! Tulikuja kugawana. Baba alibakiwa na upande wa choo na chumba kimoja. Uaminifu wa shemeji yako hauna shida, ila yeye si wa kuishi milele, na mkewe na wanawe hawakuahidi chochote.

Mzee wa Baraza
Dada asitishwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwanamke, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Huyu ameshona, amechangia kwa fedha kabisa. Haki yake ipo hata kama jina halipo.

Karani Mstaafu
Mzee wangu, heshima yako, lakini kesi ile ni ya mke na mume. Hapa jina si la mume, ni la mtu wa tatu. Ili mahakama imgawie chochote itabidi kwanza ithibitike kwamba eneo ni la mumewe, na ushahidi pekee wa maandishi unasema ni la kaka mtu.

Dada, dawa yake haina ugomvi. Shemeji aandike mbele ya wakili kwamba alinunua kwa niaba yenu na kwa fedha yenu, mkewe asaini kuridhia, kisha mkaandikishane upya serikali ya mtaa, muuzaji wa awali akiwepo pamoja na majirani wa pande zote. Muuzaji yu hai leo na anakumbuka. Hilo ndilo lenye haraka kuliko bati. Tafuteni pia kumbukumbu za zile hela mlizomtumia kutoka Mtwara, ujumbe wa simu au taarifa ya benki.

Mama Vifungo
Nimekuelewa baba. Lakini gharama za wakili nazo zitatoka kwenye hela ya paa.

Kikokotoo
Wakuu mnajisumbua. Hii ni chai, tena haina hata sukari. Rudieni hesabu zake. Mapato 950,000, matumizi nimejumlisha ni 940,000. Inabaki elfu kumi kwa mwezi. Sasa hiyo 1,700,000 ya "mkononi" imetoka wapi? Kwa elfu kumi ni miaka kumi na minne. Na boma lote mpaka lenta lilijengwa na nini? Halafu shemeji wa swala tano, karatasi ya mistari, peni ya bluu. Kila akibanwa anaongeza kitu kitamu. Huyu anatunga, kesho utakuta sauti ya roboti inausoma mtandaoni.

Bi Mkubwa Tabata
Nami niliona. Tangu jana najibiwa kama nipo kwenye tamthilia.

Baba Kayumba
Kuna jamaa alitutoa machozi humu kwa stori ya figo, watu wakachanga, kumbe yupo Mbezi anakula kitimoto. Tangu siku hiyo mimi nasoma kwa jicho moja.

Binti wa Maramba
Mimi yangu si chai, na kama hii ni chai basi kaitunga mtu anayejua yanavyotokea. Ila mtoa mada jibu swali la hela, ni la haki.

Mama Vifungo
Nimelia kusoma hii. Najibu.

Boma lilijengwa tukiwa Mtwara, kazini walimpa nyumba ya bure na posho ya kujikimu. Hatukuwa na kodi wala ada. Hiyo 1,700,000 ni kikoba. Hisa nanunua kila wiki kwenye hela ya cherehani kabla sijaileta nyumbani, ndiyo maana kwenye orodha hamuioni. Hiyo 250,000 ni ile inayobaki. Tulivunja Desemba, nikapata 1,320,000 pamoja na faida. Iliyobaki niliuza cherehani ya kudarizi.

Kikokotoo
Sawa, hapo umejumlisha vizuri. Swali la mwisho. Hiyo hela ipo wapi sasa hivi? Benki, simu, au chini ya godoro?

Karani Mstaafu
Kama ipo tu, iweke mahali isiguswe. Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ule wa uwekezaji wa pamoja, unaanza na laki moja, ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache.

Kikokotoo
Mtoa mada naona upo mtandaoni. Ipo wapi?

Mama Vifungo
Ipo kwa shemeji. Alisema ana mtu wake wa mabati mtaa wa Gerezani, Kariakoo, tukilipia mabati mapema bei inashikwa hata yakipanda. Tulimpa Jumapili. Ndiyo maana niliandika tuna hela, kwa sababu ni kama mabati tunayo.

Sauti ya Zege
Dada yangu. Mabati ya migongo mipana yanakatwa kwa urefu wa paa. Fundi anasimamisha kenchi kwanza, anapima kutoka kofia mpaka ukingo, ndipo unakwenda dukani na vipimo. Nyinyi mbao hamjanunua. Huyo wa Gerezani amepewa vipimo gani?

Mama Vifungo
Shemeji alisema atakadiria kwa ramani.

Sauti ya Zege
Ramani ya boma lililobadilishwa jikoni? Nimeshaona watu wanaunga bati vipande katikati ya paa, maji yanapita kwenye maungio mpaka dari linaoza. Sisemi shemeji mwizi. Nasema pesa imetangulia kazi. Risiti mnayo? Ina jina la nani?

Mama Vifungo
Bado hajatutumia. Nimemwonyesha mume wangu huu uzi wote sasa hivi. Kakasirika kwanza, kwa nini nimeyaleta mambo ya kwao hadharani. Halafu akaurudia pale kwa Binti wa Maramba, akakaa kimya, akaniuliza kama yule mzee muuzaji bado anaishi Chanika.

Binti wa Maramba
Mwambie pole, na mwambie baba yangu naye alikuwa anampenda mdogo wake.

Karani Mstaafu
Aanze na risiti, maana hiyo haimvunjii mtu heshima. Ampigie kaka yake aseme fundi anataka vipimo, hivyo malipo yasimame, na fedha ikiwezekana irudi mpaka kenchi zisimame. Kwenye mazungumzo hayo hayo amweleze kwamba anataka kuandikishana akiwa hai na mwenye nguvu, kwa ajili ya watoto wa pande zote mbili. Mtu wa swala tano analijua hilo, dini yenyewe imehimiza watu waandikiane.

Mama Vifungo
Amempigia. Shemeji anasema hela bado hajalipa duka, ilikuwa anasubiri lori. Atairudisha kesho kwenye simu. Kuhusu jina amesema "tutaongea". Mume wangu Jumamosi ana safari ya Tunduma, kwa hiyo itabidi isubiri akirudi.

Sauti ya Zege
Isisubiri. Nenda wewe, dada wa kazi abaki na watoto, hapo ndipo hiyo 70,000 itakapojilipa. Kwa muuzaji usiende na maneno ya ugomvi, muulize tu kama anakumbuka hela ilitoka kwa nani, na kama atakuja kusaini. Chukua namba yake.

Mama Vifungo
Anakaa karibu na msikiti, namfahamu. Nitakwenda Jumamosi asubuhi.

Kikokotoo
Hela ikirudi kesho, andika hapa ni kiasi gani.