Mtoto na tumbo lisilotulia: nimlishe nini?

Mama wa Wete: Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka 9 anaumwa na tumbo mwezi wa tatu huu. Hujikunja mkekani, akenda chooni hupata nafuu. Siku moja huharisha, siku nyengine choo kigumu. Vipimo havikuonesha minyoo wala maradhi mengine, na daktari amesema utumbo wake ni mwepesi kuchokozeka. Nimpikie nini?

Muuguzi, Chake Chake: Waalaykum salaam, dada yangu. Maumivu hayo ni ya kweli, hajifanyi. Andika kwa wiki mbili anachokula na saa anayoumwa, kisha punguza kitu kimoja kimoja, kwa sababu vitunguu, thomu, maharage, maembe na boflo vina sukari zisizosagika vyema, ambazo vijidudu vya utumboni huzichachusha zikaleta gesi. Wali, samaki, mbatata na karoti kwa kawaida havimsumbui mtoto. Usimkatazie vingi kwa muda mrefu, kwani bado anakua. Baada ya wiki chache mrejeshee kidogo kidogo uone anachostahamili. Akitoa damu, akikonda, akipata homa au maumivu yakimwamsha usiku, mrejeshe hospitali haraka.

Baba wa Makunduchi: Wangu alikuwa akiumwa kila asubuhi ya skuli. Maharage tuliyaroweka usiku kucha, tukamwaga maji yake kabla ya kupika, na hofu ya mitihani tukaizungumza naye kwa upole. Maumivu yalipungua.

Mama wa Wete: Ahsanteni sana. Daftari nimeshalifungua leo.