Mjadala: Amri ya kuwazuia wageni biashara 15 inamlinda nani hasa?

Mchokonozi wa Kigamboni
Ndugu wanajamvi, mwezi Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayomkataza mtu asiye raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, uongozaji wa watalii, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni akikamatwa, faini haipungui shilingi milioni 10 au anafungwa hadi miezi 6, na Mtanzania anayemfichia biashara naye ana adhabu yake. Swali langu ni moja: je, amri hii imemnufaisha mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo, au imebadilisha tu jina lililoandikwa kwenye leseni?

Fundi wa Aggrey
Mkuu, anayeuliza hivyo hajawahi kukaa mezani na bisibisi. Zamani vioo vya simu tulivinunua kwa Watanzania wenzetu waliokuwa wakifuata mzigo Guangzhou, China, kila mmoja akiongeza kidogo chake, na wote tukala. Baadaye kiwanda chenyewe kikaja mtaani. Bwana mmoja wa Kichina aliniuzia kioo kwa bei ya jumla, kisha mteja wangu akipita mlangoni kwake anauziwa kioo hicho hicho kwa bei niliyonunulia mimi, na kufungiwa bure juu yake. Nikimwuliza, anacheka na kunipa kikokotoo nijiandikie bei ninayotaka. Kwa hiyo amri naiunga mkono kwa asilimia mia moja. Na tusidanganyane kwamba mambo haya yameanza na Wachina: Wahindi wa mjini wamekaa hapa miaka mia na zaidi, na faida yao mpaka leo inalala Uingereza na Canada.

Binti wa Upanga
Nilikuwa nasoma kimya kimya mpaka nilipofika sentensi ya mwisho. Kaka Fundi, mimi ni Mhindi wa mjini unayemsema. Nina pasipoti moja tu, ya Tanzania, nalipa kodi kwa TIN kama wewe, na faida yangu inalala kwenye mkopo wa benki hapa hapa Dar es Salaam. Nyumba ambayo babu yangu aliijenga kwa pesa ya duka ilichukuliwa mwaka 1971 kwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo, pamoja na majengo mengine ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na kwa kuwa ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 hakulipwa hata senti. Wengi waliondoka baada ya hapo na ndio mnaowasikia wako Toronto, lakini sisi tulibaki. Sasa niambie, aliyebaki ndiye wa kusimangwa kwa ajili ya walioondoka?

Fundi wa Aggrey
Dada, hakuna aliyekutaja kwa jina. Nilisema jambo la jumla linalojulikana na kila mtu.

Binti wa Upanga
Hilo la jumla ndilo linaloniumiza, kwa sababu kila mtu analijua na hakuna aliyewahi kulithibitisha.

Mzee wa Tabora
Wanangu, poleni. Nataka kumjibu kijana wa Aggrey, kwa kuwa naona historia anaisikia kwa mbali. Oktoba 1961, kabla ya uhuru, Bunge la wakati ule lilijadili muswada wa uraia, na wapo wajumbe waliotaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere aliwakatalia kwa ukali na kusema yuko tayari kujiuzulu yeye na serikali yake kuliko kukubali jambo hilo. Halafu Januari 1964 akatoa waraka wa kusitisha ubaguzi wa rangi katika ajira za serikali, kwamba raia ni raia. Amir Jamal, mbunge wa Morogoro, alishika Wizara ya Fedha kwa miaka mingi, na wapiga kura wake wengi hawakuwa Wahindi. Kama ni kuleta rangi katika jambo la leseni, basi tumerudi nyuma ya mwaka 1961.

Kijiwe cha Mwenge
Mzee, shikamoo. Ila naomba tusiishie kwenye sehemu nzuri za historia. Ni serikali hiyo hiyo ya Mwalimu iliyotaifisha nyumba ya babu yake Binti wa Upanga, na ndiyo iliyoendesha Operesheni Maduka mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yakafungwa vijijini ili maduka ya ushirika yashike nafasi yake. Kilichofuata mnakijua nyinyi mliopanga foleni ya sabuni. Mara zote serikali inapoamua nani auze na nani asiuze, bidhaa hupotea kwanza na haki huja baadaye, ikija. Na ilipofika miaka ya 1990, hoja ya uzawa ikapanda jukwaani, Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, akiwa na maneno yake ya magabacholi, jina la kuwadhihaki Wahindi, na watu wakapigiwa magari mawe barabarani. Nikisikia neno mzawa siku hizi, kwanza naangalia gari langu limeegeshwa wapi.

Mzee wa Tabora
Marahaba. Foleni ya sabuni niliipanga, na sikumlaumu Mhindi wala Mwarabu. Mwaka 1978 na 1979 tulikuwa na vita na Idi Amin, bei ya mafuta ikapanda duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika. Usinibebeshe Operesheni Maduka peke yake.

Mchokonozi wa Kigamboni
Naona swali langu limekwenda na maji, lakini ngoja niliongezee viungo. Kama kosa la mgeni ni kushika soko lote, basi kwa kigezo hicho hicho tutawafanyaje Wakinga, ambao ukiingia Kariakoo kila ghorofa la tatu unaambiwa ni la kwao? Nao watahitaji viza ya kutoka Makete?

Mkinga Asiye na Ghorofa
Ndugu Mchokonozi, tafadhali unionyeshe hilo ghorofa langu, maana mke wangu naye analitafuta. Nimekuja mjini kama wengi wetu tunavyokuja: nimefanya kazi kwenye duka la mjomba bila mshahara wa kueleweka, nimelala stoo juu ya marobota, na mjomba aliporidhika akanipa mzigo wa kuanzia kwa mali kauli, yaani nilipe nikishauza. Hakukuwa na benki wala serikali, ila uaminifu wa ukoo na hofu ya kuaibika kijijini. Wachaga wanafanya hivyo, Wapemba wanafanya hivyo, na wahenga wa dada yetu wa Upanga walifanya hivyo hivyo walipofungua maduka huko Tabora na Kigoma. Nchi ina makabila zaidi ya 120 na kila moja linaweza kujifunza mtindo huu bila kutunyooshea kidole. Mzaha wa leo kuhusu Mkinga ndio uliokuwa mzaha wa jana kuhusu Mhindi.

Jirani wa Namanga
Hamjambo ndugu zetu. Mimi ni Mkenya, na ninashangaa kwamba mmezungumza kuhusu rangi na makabila huku mkisahau kwamba amri hiyo inasema asiye raia bila kututofautisha sisi wa Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ibara yake ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine. Mwanamke wa Kajiado anayefuata vitunguu shambani upande wenu ni mwekezaji wa kigeni kweli? Lakini labda sistahili kushangaa, kwa sababu ni nyinyi mliochoma vifaranga vyetu elfu kumi wakiwa hai.

Kijiwe cha Mwenge
Vilikuwa 6,400, jirani, na ilikuwa mwaka 2017. Tusiwaongezee marehemu.

Fundi wa Aggrey
Na mwezi Machi 2021 ni nani aliyefunga mpaka kwa mahindi yetu na ya Uganda kwa kisingizio cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka? Tena nyinyi ndio mliotufundisha. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo na bidhaa kadhaa, Waasia wakapanda ndege kwenda London kwa maelfu, hadi Waingereza wakatunga sheria ya haraka mwaka 1968 ya kuwazuia watu waliokuwa na pasipoti zao wenyewe.

Jirani wa Namanga
Ndugu, mimi sikuwa nimezaliwa mwaka 1967, na kwamba sumukuvu ilikuwa kisingizio ni maneno yako. Nimetaja itifaki iliyotiwa saini na marais wetu wote. Wewe umenijibu kwa mahindi.

Binti wa Upanga
Mimi nina swali kwa Kaka Fundi kabla mpaka haujafungwa tena. Amri inasema mgeni asiwe na duka. Mbele ya duka langu kuna fremu ya duka ambayo leseni yake sasa ina jina la kijana aliyekuwa akibeba maboksi hapo hapo. Yeye anakaa kwenye kiti cha mbele na kupokea wakaguzi. Pesa inahesabiwa nyuma, na simu za kuagiza mzigo zinapigwa kwa Kichina. Kijana huyo akikamatwa, ndiye atakayelipa faini ya milioni 5 au kwenda ndani miezi 3. Hivyo ndivyo Mtanzania alivyolindwa?

Fundi wa Aggrey
Huo ni udhaifu wa ukaguzi, wala si wa amri. Sheria ya wizi nayo inavunjwa kila siku na hakuna anayetaka ifutwe.

Mkinga Asiye na Ghorofa
Kuna jambo mnaliruka nyote. Mgeni hakujipangisha mwenyewe. Mimi nilifukuzwa kwenye fremu niliyoikalia kwa miaka kwa sababu mwenye nyumba, Mtanzania mwenzangu, aliletewa kilemba, ile pesa ya kupewa fremu, ambacho mimi nisingeweza kukilipa hata nikiuza shamba la baba, pamoja na kodi ya mwaka mzima mkononi. Mchina ameondoka kwenye karatasi, lakini bei ya fremu haikushuka hata kidogo. Amri ingegusa kilemba, ningeiimba.

Mwenye Nyumba Narung'ombe
Nimevumilia vya kutosha. Nyumba niliirithi, nikavunja ya udongo na kujenga kwa mkopo wenye riba ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyenisaidia kuilipa. Kilemba ni makubaliano ya watu wawili wazima. Mkulima akiuza mahindi kwa anayetoa zaidi mnamwita mjasiriamali, lakini mimi nikifanya hivyo naitwa msaliti?

Mzee wa Tabora
Mwanangu, hakuna aliyekuita msaliti. Tuambie tu, kilemba hicho unakitolea risiti?

Mwenye Nyumba Narung'ombe
Kodi ya pango napokea kwa shilingi, kama kanuni za fedha za kigeni za Machi 2025 zinavyotaka, na mkataba umepigwa mhuri. Hayo mengine ni kati yangu na mpangaji wangu, na mzee wangu hujawahi kuwa mpangaji wangu.