Mjadala: Tupanue barabara ya Mikindani iwe njia nne, au malori yatafutiwe mchepuko?

Mtoto wa Ufukoni (mleta mada)

Wakuu salaam. Kila kijiwe cha kahawa hapa Mtwara kimeshajenga barabara. Njia nne kuanzia Mingoyo mpaka geti la bandari, kwisha kazi. Msimamo wangu nautoa mapema ili mjue pa kunipiga: kupanua katikati ya mji ni kukosea. Malori yapewe njia yao ya kupita nyuma ya makazi, hii tuliyonayo ibaki ya watu.

Kwa asiye wa huku: ukitoka Masasi au Lindi mnakutana Mingoyo, mnakuja mpaka Mikindani, mnaizunguka ghuba, ndipo mnaingia mjini. Ipo na ile ya Newala inayoingilia Naliendele, lakini mzigo mzito unapita Mingoyo. Zamani mzigo ulikuwa na msimu wake. Korosho zinaanza kushuka Oktoba, baada ya miezi michache kumetulia, halafu salfa, dawa ya mikorosho, inatoka bandarini kwenda mashambani. Mwaka 2015 kikaja kiwanda cha saruji cha Dangote. Likafuata gati jipya la mita 300, yakafuata makaa ya mawe ya Ruvuma. Mwaka 2023 serikali ikaelekeza korosho nazo zisafirishwe kupitia bandari yetu badala ya kupelekwa Dar. Tulishangilia wote, na mimi nilikuwemo. Ila bandari imekua, na barabara inayoilisha ni ileile inayopita mlangoni kwa bibi anayekaanga samaki.

Sasa simameni pale Mikindani. Huku maji, huku nyumba za mawe za kale, nyuma yake kilima. Njia nne zitalala wapi? Ama umwage kifusi kwenye mikoko, ama ubomoe mji ambao Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866.

Dereva wa Semi

Mkuu, umeandika vizuri, ila hujawahi kushika usukani wa semi yenye tani hamsini nyuma ya bajaji tatu zinazokwenda sambamba. Natoka Mbinga na makaa, zaidi ya kilomita 700, na vipande vinavyonitoa jasho ni hivi vya mwisho. Tunduru nalala, Masasi nakula, huku mwisho naomba dua. Mtoto anachomoka kati ya vibanda anakimbiza mpira. Semi haisimami kama bodaboda. Nipe njia nne nimpite mwenye bajaji kwa amani.

Mtoto wa Ufukoni

Kaka Dereva, huyo mtoto wa mpira ndiye ninayemzungumzia. Leo anavuka njia mbili. Ukimwongezea mbili na wewe ukaongeza mwendo kwa kuwa pamefunguka, umemsaidia nani?

Fundi Lami

Niingie kwa upande wa kazi yangu, maana naona mnabishania upana na ugonjwa wenyewe ni uzito.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, jimbo la Illinois kule Marekani, waliendesha malori usiku na mchana juu ya lami ya majaribio. Walichokiona bado ndicho tunachotumia kusanifu: madhara ya ekseli (mhimili unaobeba matairi) kwenye barabara hayaongezeki sawa na uzito, yanapanda takribani kwa kipeo cha nne. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ukiipakia 12, umeongeza tani 2 tu, lakini lami inaumia mara mbili. Ukiipakia 20, ni kama umepitisha ekseli 16 za tani 10. Gari dogo halimo kabisa katika hesabu hiyo, hata yapite elfu. Ndiyo maana sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na kikomo kingine kwa kila ekseli. Mtu anaweza kuwa chini ya 56 na bado ekseli moja imezidi, kwa sababu mzigo umepangwa vibaya.

Mnaona ile mifereji miwili kwenye njia ya matairi, ambayo mvua ikinyesha inageuka dimbwi refu? Upana hauiondoi. Ukiongeza njia mbili za unene uleule, malori yote yatachagua njia ya kushoto na baada ya miaka michache utakuwa na barabara pana yenye upande mmoja uliokufa. Kinachotakiwa ni tabaka za chini zilizosanifiwa kwa mzigo wa leo, mifereji ya maji inayofanya kazi, na mizani isiyo na huruma. Hayo yote unayafanya kwa uhuru kwenye barabara mpya. Kwenye ya zamani unafumua huku magari yanapita, na vumbi wanakula wakazi.

Kwa hiyo niko na mleta mada, ila si kwa sababu zake za Livingstone.

Mama Pweza

Wanangu, mnajenga na kubomoa hamjatuuliza sisi tunaokaa pembeni. Mimi nauza pweza na mihogo jioni. Wateja wangu ni hao hao madereva na matingo wao. Mchepuko ukijengwa huko porini, mimi nitamuuzia nani, popo? Vumbi la makaa nalipata, sikatai. Nafunika sinia kwa kitambaa, na anayepita bila turubai namlaani kimyakimya. Lakini ada za shule zinatoka kwenye hilo sinia.

Mlindi wa Pwani

Shikamoo mama. Na nyie wengine nisameheni, naona mnagombania kitanda na nyumba haina paa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, barabara ya Dar ilikatika kule Somanga. Mabasi yakakaa, bidhaa zikapanda, Mtwara na Lindi wote tukawa kisiwa. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003 tuliambiwa kisiwa kimekwisha. Hela ikiwepo, ianzie kwenye makalvati na madaraja ya Lindi mpaka Kibiti. Njia nne za Mikindani hazina maana kama mbele kuna korongo.

Fundi Lami

Hoja ya Mlindi nzito, ila makaa hayaendi Somanga. Yanatoka Songea, yanaishia bandarini. Ni matatizo mawili, na anayeyachanganya mezani huondoka bila hata moja.

Mpima wa Zamani

Nimefanya kazi ya kupima na kutathmini, nimestaafu. Ngoja niwape la karatasi.

Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengewa barabara, kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Zile mita 7.5 za nyongeza ndimo makelele yote yanamotokea. X nyekundu ukutani kwako maana yake umejenga ndani ya hifadhi, ondoka bila senti. X ya kijani maana yake barabara ndiyo imekufuata wewe, unalipwa kwanza. Kimara mwaka 2017 nyumba zilishuka kupisha njia nane za Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na hadi leo ukimtajia mtu wa kule neno hifadhi anabadilika sura.

Mchepuko pia si bure, tusidanganyane. Huko nyuma ya mji mnakokuita pori kuna mikorosho, na mkorosho unaozaa una thamani yake kwenye jedwali la fidia. Anayemiliki ahakikishe miti imehesabiwa mbele yake na nakala ya fomu anayo. Tathmini ina uhai wa miaka 2 tangu iidhinishwe. Ikipita bila malipo, inarudiwa. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, yanadai riba. Nimeona wazee wakisaini na kukaa kimya hadi muda ukapita.

Bodaboda Chuno

Na kwa nini hakuna anayetaja reli? Mpaka kata inaitwa Reli, na reli yenyewe hatuna. Waingereza waliijenga kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga, karanga zikafa, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makaa ni mzigo wa treni, si wa lami.

Mpima wa Zamani

Kijana umesema kweli. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imo kwenye mipango tangu nina nywele nyeusi. Nisingeisubiri nikiwa na mtoto wa kuvusha barabara kesho asubuhi.

Mtoto wa Ufukoni

Mama Pweza umenishika pabaya, na nakubali sikukufikiria. Nirekebishe: mchepuko ujengwe pamoja na kituo cha malori chenye choo, maji, taa na meza za mamantilie, na nafasi za kwanza wapewe wanaouza kwenye barabara hii leo. Si kwa mnada, maana kwa mnada watapewa wenye pesa za mjini.

Na kwa sasa, kabla ya hayo yote: matuta na zebra palipo na shule, turubai kwa kila lori, na malori yasiingie mjini saa moja hadi saa mbili asubuhi watoto wanapokwenda shule.

Dereva wa Semi

Saa hizo nikizuiwa, nizuiwe pale penye choo. Hilo nakubali. Sasa hivi ukizuiwa unakaa ndani ya gari na jua lako.

Mama Pweza

Choo na taa mkishaandika, andikeni na kivuli. Na nani atahakikisha nafasi yangu haipewi shemeji wa mtu?

Mtoto wa Ufukoni

Tuanze na orodha, mama. Jumamosi nakuja Mikindani na daftari. Asubuhi nahesabu malori, jioni naandika majina ya wanaouza barabarani, tupeleke vyote viwili kwa mtendaji wa kata. Fundi, njoo unifundishe kuhesabu ekseli.

Fundi Lami

Nipo. Mama aweke pweza wa watu wawili.