Tupeane uzoefu: siasa zilipoingia sebuleni, kanisani na msikitini

Themanini Jr (mwenye uzi)
Jana nilikuwa napanga vitu vya marehemu baba. Ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani nikakuta kadi ya CCM, ada imelipwa mpaka 1995, halafu basi. Nikakaa chini. Mwaka huo ndio mimi na yeye tulipitisha miezi saba bila salamu, nyumba moja.

Wa umri wangu mnakumbuka. Mzee alikuwa balozi wa nyumba kumi na mzee wa kanisa kwa wakati mmoja, Moshi vijijini. Tume ya Nyalali, ile iliyokusanya maoni kuhusu vyama vingi, iliposema asilimia 80 ya watu wanataka chama kimoja kiendelee, akaifanya fimbo. "Mimi ni katika themanini." Mama akizidisha chumvi, anaambiwa themanini hatutaki chumvi. Mimi nilikuwa kijana wa NCCR, chama cha upinzani, katika wale waliosukuma gari la Mrema, mgombea wetu wa urais, kwa mikono. Nikarudi nyumbani sina sauti na sina kiatu kimoja. Mzee hakunipiga. Jumapili yake akasimama kwenye maombi, akawaombea "vijana waliopotea", akaeleza nyumba ilipo, mgomba wa mbele, bati jipya, akabakiza kutaja jina. Kanisa zima likageuka.

Sasa kwa nini aliacha kulipia kadi? Hakuwahi kuniambia. Haya, na nyie mwage.

Mama Pacha
"Themanini hatutaki chumvi" imeniua.
Kwetu ilikuwa 2015. Mimi Lowassa, mume Magufuli. Tulikuwa tunasali rozari kila jioni na kila mtu anataja nia yake. Mimi: "Ee Mungu, tuletee mabadiliko." Yeye: "Ee Mungu, tupe moyo wa kazi." Watoto walishatujua. Siku moja kwenye litania, mdogo wa miaka sita, badala ya "utuombee" akaitikia "hapa kazi tu". Baba mtu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka rozari ikamdondoka. Mimi nikahamia chumba cha watoto siku nne.

Nyundo
2008 mlishangilia Lowassa kujiuzulu uwaziri mkuu, 2015 mkamsalia rozari. Watanzania bwana.

Mama Pacha
Kaka, 2008 mimi nilikuwa nacheza netiboli. Usinijumlishe.

Nyundo
Nimesema mlishangilia, sijasema wewe. Kiswahili kigumu?

Kobe Mpole
Nyie wawili oaneni tu.

Bint Karafuu
Nyie wa bara mna raha, mnanuniana kisha mnacheka. Nilijiapiza nisome nipite, ila hilo la kanisa kugeuka limenitonesha.

Mie kwetu Pemba, upande wa Wete. 1995 nilikuwa na miaka kumi. Urais wa Zanzibar ulitangazwa asilimia 50.2 kwa 49.8, na kule Pemba viti vyote 21 vilichukuliwa na CUF, wapinzani. Sasa weka kijiji ambacho karibu wote ni upande mmoja na wanaamini wameibiwa, katikati yake mweke sheha, yaani kiongozi wa serikali pale kijijini, tena wa CCM. Sheha huyo ndiye babu yangu, mzaa mama. Na baba yangu ni CUF wa kufa.

Ikaanza kususiana. Dukani kwa babu haingii mtu. Gari ya abiria ikimwona haisimami. Imamu alikuwa chama kimoja na babu, basi safu zikapungua mpaka wakabaki watatu. Wengine wakajisimamishia banda la makuti mbele kidogo, wakaswali huko. Adhana mbili, zinashindana kuanza. Sie watoto tukawa tunacheza kuadhini kwa vyama, Mungu atusamehe.

Mama alikuwa na kanga ya kijani na manjano, rangi za CCM, kaletewa na dada yake kutoka Unguja. Hana habari na siasa yule, kanga ilikuwa nzito, nzuri ya jikoni. Siku hiyo baba karudi na wenzake wawili wa barazani. Wakaiona. Mmoja akakohoa. Kikohozi kile mie nakisikia mpaka leo. Baba akamwambia mama, "Rudi kwa sheha wako." Mama akafunika chungu, akatushika mikono mie na mdogo wangu, tukatoka na kanga ile ile kiunoni.

Mwaka wa pili babu akafariki, wakati wa masika. Hawakuja. Kijiji kizima. Kaburi walichimba wajomba zangu wawili na yule imamu, mtu mzima wa miaka sabini. Mvua inajaza shimo, wao wanachota kwa ndoo. Jeneza lilibebwa na wanne, hapana wa kuwapokea, wanatua, wanapumua, wananyanyua. Mie nipo dirishani. Njiani, chini ya mkarafuu, kasimama baba na baiskeli yake. Nikasema anakuja. Kasimama mpaka jeneza likampita hapo alipo, likatuliwa karibu naye kabisa, likanyanyuliwa tena. Kisha akapanda baiskeli yake.

Narudi, kuna mtu ananiita.

Kobe Mpole
Dada, usitutelekeze njiani.

Mama Pacha
Mimi nipo ofisini, bosi kaniuliza kama naumwa.

Nyundo
Chai hii. Waislamu kuzika ni faradhi, hawawezi kugoma kijiji kizima.

Mwl. Mstaafu
Nyundo, si chai. Nilifundisha Micheweni kuanzia 1998. Skulini ilibidi niwe na daftari la kichwani: nani asikae na nani. Baada ya mauaji ya Januari 2001 nikaingia darasani nikakuta madawati wazi, familia zimevuka na majahazi usiku kwenda Shimoni, Kenya. Mazishi ya namna hiyo nimehudhuria mawili. Mara ya pili tulikuwa watu tisa, pamoja na mimi Mkristo ambaye sikujua nisimame wapi.

Nyundo
Shikamoo mwalimu. Nimeondoa neno.

Mtafuta Dalili
Tuweke sawa sheria. "Rudi kwa sheha wako" si talaka ya wazi, hicho ni kinaya, yaani neno la fumbo, kinategemea nia ya msemaji. Huenda mama yenu hakuachika.

Dada wa Kwaya
Mtu kabebewa baba yake na watu wanne kwenye matope, wewe unatafuta kinaya?

Mtafuta Dalili
Sheria haina machozi, dada.

Dada wa Kwaya
Ndiyo maana mnaogopwa.

Themanini Jr
Jamani tusigeuze uzi wa dini dhidi ya dini, watatufungia. Kwetu kanisani ndio kulianza, nimekiri mwanzo kabisa.

Fundi Saa
Ushauri wa bure: ukioa, wewe na mkeo mpige kura moja.

Mama Pacha
Akatae. Mpige mbili, ila msiulizane.

Kobe Mpole
Mimi namwambia mke wangu nimepiga yake, mama mzazi namwambia nimepiga yake, mjumbe naye hivyo hivyo. Miaka ishirini sina adui.

Dada wa Kwaya
Bora kugombana kuliko huo uongo. Kwetu tuligombana wazi mezani, shemeji akamwaga mchuzi, kesho yake tukapika mwingine.

Bint Karafuu
Nimerudi. Mtafuta Dalili, kadhi alimuuliza baba nia yake. Baba akajibu nia ilikuwapo. Ikaandikwa talaka moja, eda ikaisha, hakurejea.

Miaka kumi na tano. Hakuoa, mama hakuolewa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF wakakutana, watu wakapigwa na butwaa. Julai 2010 kura ya maoni ikapita kwa asilimia 66, serikali ya umoja. Wale wale waliotuamrisha tusizikane tukawaona kwenye runinga wameshikana mikono. Mjomba wangu alizima ile runinga, akatoka nje.

Wiki ya pili baba akaja kuposa. Kavaa kanzu mpya, kachagua kwenda kwa mjomba, walii wa mama, yaani msimamizi wake wa ndoa. Mjomba akataka kumfukuza. Mama kutoka ndani akasema mahari nataja mwenyewe: Yasini kaburini kwa babu, Ijumaa arubaini, baada ya swala, wakati watu wanatoka msikitini wanaona. Peke yake.

Akasoma zote. Ijumaa ya kumi na kitu ilinyesha, akasoma kasimama kwenye maji. Wenzake wa barazani walikuwa wanapita. Yule wa kikohozi naye alipita.

Mtafuta Dalili
Allahu akbar. Lakini kusoma makaburini ni bidaa, uzushi katika dini, na mahari lazima iwe na manufaa kwa mke.

Mwl. Mstaafu
Ndugu yangu, manufaa gani zaidi ya hayo?

Mtafuta Dalili
Nasema kisheria, mwalimu.

Bint Karafuu
Aliongeza na doti mbili za kanga. Zisizo na chama. Umeridhika?

Mtafuta Dalili
Hapo sawa. Ndoa sahihi.

Mama Pacha
Dada, baba alikuambia chochote kuhusu siku ile ya mkarafuu?

Bint Karafuu
Hapana. Na ile ya kijani mama bado anaifunga akipika. Baba akiingia jikoni akaikuta, anauliza chai iko wapi.

Themanini Jr
Nimeirudisha kadi kwenye kitabu. Nilitaka kuitupa.

Nyundo
Mzee wako alimpigia Mrema, ndiyo maana aliacha kulipa. Kubali yaishe.

Themanini Jr
Usinichokoze. Nimekaa na wazo hilo usiku kucha.

Fundi Saa
Bint Karafuu, swali la mwisho halafu nilale. 1995 mama alimpigia nani hasa?

Bint Karafuu
Mama hakujiandikisha.