Tupeane uzoefu: suruali isishuke kutwa nzima, wewe umewezaje?

Karani wa Mizani (Tandahimba)

Wakuu, salaam. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya aibu iliyonipata Oktoba, msimu wa korosho ulipopamba moto. Mimi ni karani wa kupima kwenye chama cha msingi. Siku hiyo wakulima walipanga magunia tangu alfajiri, nami nimevaa kadeti yangu ya mtumba, mkanda nimeukaza hadi tundu la mwisho. Kijana wa kubeba akateleza, gunia likaniinamia, nikalidaka kwa mikono miwili. Suruali nayo ikaanza safari. Imefika mapajani, mimi nimekumbatia gunia, mkono wa kuivuta sina.

Bibi mmoja aliyekuwa mbele kwenye foleni akavua kanga ya begani, akanifunga kiunoni kama mtoto, akasema, "Haya karani, sasa pima." Tangu siku hiyo pale mizanini naitwa Mwali.

Sasa naomba msaada. Kitambi sina, makalio sina, mkanda ninao. Asubuhi suruali inakaa vizuri, ikifika saa nne nimeshaivuta mara kumi. Aliyepata dawa aseme alifanya nini hasa. Vijana wa kata K mpite kwa amani, nyie mnashusha kwa hiari.

Boda wa Mikindani

Pole Mwali 😂

Mimi tatizo langu lilikuwa mgongo. Ukikaa kwenye pikipiki kutwa, suruali inavutwa na magoti mbele, nyuma inafunguka. Siku moja nimembeba mama mtu mzima kutoka stendi, kufika Mikindani ananilipa, akaongeza mia tano. Nikamwambia mama, nauli imezidi. Akasema, "Hiyo kanunue mkanda mwanangu, nimetazama nisichokitaka njia nzima."

Nilichogundua ni mifuko. Nilikuwa na simu mbili, funguo, chenji za sarafu na spana moja, vyote kwenye suruali. Nikanunua kipochi cha kifuani, vyote vikahamia huko. Kushuka kulipungua nusu bila kubadili suruali wala mkanda. Nusu iliyobaki namaliza kwa fulana ndefu naichomekea ndani, shati linakuja juu yake.

Mvuvi Msangamkuu

Vaeni msuli. Unakunja kiunoni mara tatu, unapanda kivuko, unavuta nyavu, unarudi, upo palepale.

Boda wa Mikindani

Mzee wangu, na pikipiki nipande na msuli?

Mvuvi Msangamkuu

Panda baharini.

Fundi Cherehani (Lindi mjini)

Nimeshona zaidi ya miaka ishirini, mniruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Karani, mkanda wako hauna kosa. Kinachoshika suruali ni mwili: mfupa wa nyonga na pale makalio yanapoanza kujaa. Mtu aliyenyooka kama wewe unavyojieleza, suruali haina pa kuegemea. Ukikaza mkanda zaidi, kitambaa kilichozidi kinajikunja kati ya kitanzi na kitanzi, kinafanya mawimbi. Ukiinama mara mbili tatu, mawimbi yale yanahama, mkanda unayafuata. Ndiyo maana asubuhi uko sawa na saa nne umeharibikiwa.

Wateja wengi huingia na neno moja: "Fundi, nipunguzie kiuno." Huwa sichukui mkasi. Namwambia aivae, ainame kama anayeokota shilingi, kisha akae kwenye kigoda. Akikaa na mgongo ukaonekana ilhali kiuno kinambana, shida ni ufupi wa nyuma. Kipande kinachotoka msambani kupanda kiunoni ni kidogo. Suruali nyingi za mtumba za vijana zimekatwa hivyo makusudi. Hiyo hata nikipunguza inchi tatu itashuka tu, mpe mdogo wako aendelee kuhangaika nayo.

Ikiwa urefu wa nyuma unatosha na kiuno ndicho kikubwa, hapo kazi ipo. Nafungua mshono wa katikati nyuma, kuanzia kiunoni hadi makalio yanapojaa, napunguza kwa mteremko. Inchi moja na nusu, mwisho mbili. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inabusiana, na suruali inakuingia. Ikihitaji zaidi ya hapo lazima niguse mishono ya pembeni pia, na bei inapanda, tusilaumiane.

Kwa wale wanaonenepa wakati wa malipo ya korosho na kukonda masika (mpo, nawajua vipimo vyenu), naweka lastiki ndani ya kiuno, nusu ya nyuma tu. Mbele panabaki pamenyooka, ukichomekea shati hakuna anayejua.

Jambo jingine, suruali za ofisi nzuri zina utepe wa mpira ndani ya kiuno, unang'ang'ania shati. Ukiukuta kwenye mtumba usiung'oe kwa kudhani ni uchafu. Nimeona mtu ameung'oa.

Kijana wa Ligula

Fundi, na jinsi zinazovutika? Yangu ikitoka kufuliwa inabana hadi pumzi, jioni imekuwa gunia.

Fundi Cherehani (Lindi mjini)

Hizo zimechanganywa nyuzi za mpira. Joto la mwili na kukaa vinazivuta, maji yanazirudisha. Nunua ile inayokubana kidogo ukiwa dukani, maana ile ya kukutosha vizuri asubuhi ndiyo itakayokuvua jioni. Usiianike kwenye jua kali wala kuipiga pasi ya moto, nyuzi zile zinakufa, halafu hazirudi tena.

Mwalimu wa Nachingwea

Wanaume mnalia, sisi je? Suruali za kike za mtumba, ikipita kwenye nyonga, kiunoni nyuma panabaki pengo la kuingiza ngumi. Ikikaa kiunoni, kwenye nyonga haipiti. Nilihangaika na pini miaka miwili. Pini ikafunguka nikiwa naandika ubaoni, darasa la watoto sabini. Sikupiga kelele, nikamaliza sentensi.

Mkanda mnene kwangu ulifanya kazi mbaya: unasimama peke yake mgongoni kama mdomo wa ndoo. Nilichofanya ni kuchukua kamba ya kiatu, nikaipitisha kwenye vitanzi viwili vya nyuma tu, nikavuta pengo likafunga, nikafunga fundo. Blauzi inafunika. Kipindi chote cha mtihani wa mwisho wa mwaka nilivaa hivyo. Baadaye fundi wa huku alinishonea mikunjo miwili midogo nyuma, kushoto na kulia, na kamba nikairudishia kiatu chake.

Lakini kanga naibeba kwenye mkoba bado. Huyo bibi wa Tandahimba anajua alichokifanya.

Mzee wa Mtanda (Lindi)

Vijana, salamu. Mimi nina kitambi, na kitambi kina elimu yake. Ukifunga mkanda juu yake unateleza, ukifunga chini yake suruali inaning'inia na msamba unafika magotini.

Siri yangu ilifichuka msikitini. Swala ya Ijumaa, nimevaa suruali na shati la kuchomekea. Ukienda rukuu shati linachomoka, ukienda sujudi mkanda unakuacha. Baada ya salamu, kijana wa safu ya nyuma akaninong'oneza sikioni kwa adabu kubwa, "Babu, Ijumaa ijayo vaa kanzu." Kwa mwanaume, kitovu hadi magoti ni pa kusitiri, hata mtoto wa madrasa anajua. Nilitembea hadi nyumbani bila kumsalimia mtu.

Kanzu navaa Ijumaa. Siku nyingine nimehamia mikanda ya mabegani. Nimeipata kwenye belo la mtumba. Ile ya vibanio ilichana kitambaa na ikafyatuka harusini, nikaiacha. Nikamwambia fundi anishonee vifungo sita ndani ya kiuno, vinne mbele na viwili nyuma, nikatafuta mikanda yenye matundu ya ngozi. Suruali inaning'inia kutoka begani, tumbo liko huru, sihitaji kukaza popote. Wajukuu wananiita mzungu wa reli. Waite.

Na msidhani mkanda wa kiunoni ndio asili ya suruali. Hizo jinsi mnazozigombania, za Levi Strauss wa Marekani aliyechukua, pamoja na fundi Jacob Davis, hataza (haki ya uvumbuzi) ya misumari ya shaba ya kukazia suruali mwaka 1873, mwanzoni zilikuwa na vifungo vya mikanda ya mabegani na kikaza kidogo mgongoni. Vitanzi vya mkanda viliwekwa mwaka 1922. Kabla ya hapo wafanyakazi wa migodini waliinama wakainuka, hawakuvuta suruali.

Kijana wa Ligula

Babu, hicho kikaza cha mgongoni ndiyo kamba ya kiatu ya mwalimu 😅

Mama Duka Masasi

Mimi nasema la mume wangu, kwa ruhusa yake. Mwaka jana alianza kupiga tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari wa moto. Mwezi wa pili, tundu jingine. Tukafurahi, kitambi kinaisha. Tundu la tatu nikaona pia anakunywa maji kama ngamia na usiku anaamka kukojoa mara nne. Nikamburuza kituo cha afya. Wakampima, sukari juu sana. Sasa anatumia dawa, mwili umetulia, na yale matundu matatu yapo kwenye mkanda mpaka leo. Suruali zako zote zikianza kushuka kwa wakati mmoja na hujabadili chakula, fundi asubiri, kapime kwanza.

Karani wa Mizani (Tandahimba)

Mama, umenitisha. Ila mimi ni mwembamba wa kuzaliwa, hata picha ya darasa la saba nimeshika suruali.

Kuli wa Bandarini

Mkanda wa ngozi na jasho la Mtwara haviendani. Ngozi inalowa, inavutika, matundu yanakuwa marefu. Mimi natumia wa turubai usio na matundu, unaukaza popote unapotaka, si lazima usubiri tundu. Uwe mpana ujaze kitanzi. Mwembamba kwenye kitanzi kikubwa unajipindua. Rangi chagua nyeusi au bluu, achana na za kijani cha jeshi, utaulizwa maswali yasiyohusu suruali.

Karani wa Mizani (Tandahimba)

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Nilikwenda kwa fundi wa hapa nikiwa na maneno ya Fundi wa Lindi kwenye simu. Nikainama, nikakaa kwenye kigoda. Suruali zangu nne: mbili fupi za nyuma, nimempa mdogo wangu (tayari analalamika). Mbili zimepunguzwa, moja inchi moja na nusu, moja inchi mbili na lastiki nyuma. Mkanda wa turubai nimeupata, mweusi. Simu imehamia mfuko wa shati.

Jumamosi nilijaribu nyumbani na gunia la mahindi. Nimelinyanyua, nimeliweka, nimelinyanyua tena mara tano. Haikusogea.

Jumapili nilimpelekea yule bibi kanga yake, nimeifua na kuikunja, na doti mpya juu. Akapokea zote, akanizungusha anitazame nyuma, akasema, "Nani kakushonea?"

Boda wa Mikindani

Kwa hiyo Mwali ametolewa rasmi. Ngoma lini?