Hi-Power, 1911 au CZ 75: anayeanza kukusanya bastola za chuma aanze na ipi?

Chuma_Tupu
Wakuu, tuchukulie mtu ana kibali na anataka bastola moja ya chuma kitupu, ya kupigia shabaha mara mbili kwa mwezi na kuitunza miaka mingi. Zimebaki tatu mezani:

1911 ya Colt: risasi za .45 ACP, magazini ya risasi 7, mtutu mm 127, kilo 1.1 ikiwa tupu.
Hi-Power ya FN, kiwanda cha Ubelgiji: 9 mm, risasi 13, mtutu mm 118 hivi, inakaribia kilo 1.
CZ 75, ya Kicheki: 9 mm, risasi 15, mtutu mm 120, uzito karibu sawa na 1911.

Bei ya bastola si swali. Naulizia yanayofuata baada ya kuinunua: magazini, springi, vibao vya mpini, na kipi huanza kuharibika.

Mzee_wa_Herstal
Hi-Power, bila kuzunguka. Mbunifu John Browning aliianza, akafariki 1926, Dieudonné Saive wa FN akaimalizia, ikatoka 1935. Mpini wake unajaa kiganjani kuliko hizo mbili, na vipuri bado vinapatikana.

Kasoro yake inajulikana: ukichomoa magazini, kifyatulio hakifanyi kazi. Kuna kidude ndani kinachosukumwa na uso wa mbele wa magazini, na kila ukivuta kifyatulio kidude hicho hukwaruza chuma cha magazini. Ndiyo maana mvuto wake ni mzito na wa kukwamakwama. Sugua uso huo wa magazini kwa msasa laini kabisa mpaka uteleze, halafu tia tone la mafuta. Nusu ya tatizo huisha kwa kazi ya dakika kumi.

Magazini: nunua nne, za kampuni ya Mec-Gar zinatosha. Za FN zenye springi ya kujirusha chini ni nzuri kwa mkusanyaji, ila si lazima.

Gongo45
Wengi hukitoa kidude hicho kabisa. Kifyatulio kinakuwa chepesi na magazini inaanguka yenyewe.

Mzee_wa_Herstal
Wanakitoa, ndiyo, na siku ya kuuza mnunuzi anakiulizia. Hicho ni kifaa cha usalama kilichotoka kiwandani. Ukikiondoa unabadilisha silaha iliyoandikwa kwenye kibali chako. Mimi nabaki na msasa.

Na ukiwa unaikagua: toa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), angalia chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu, kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Ili kushusha nyundo baada ya hapo utalazimika kurudisha magazini. Iwe TUPU, na uitazame kabla ya kuiingiza. Watu hujisahau hapo hapo.

Gongo45
Haya, ya 1911. Jeshi la Marekani liliipokea 1911, ikarekebishwa miaka ya 1920 kuwa A1: kifyatulio kifupi, mkia mrefu wa kuzuia nyundo isiume mkono. Hi-Power inauma, Mzee, hilo umelirukia.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. La kwanza ni mkwaruzo wa nusu duara kwenye fremu, chini ya kizuizi cha slaidi (kile kiwiko kinachoishika slaidi ikiwa wazi) upande wa kushoto. Hutokea mtu anapokirudisha kizuizi kwa kukizungusha juu huku amekikandamiza. Njia sahihi: ingiza mhimili wake, kilete karibu na tundu lake, rudisha nyuma kile kipini kidogo cha springi kwa ncha nyembamba ya plastiki, kisha sukuma moja kwa moja ndani. Weka utepe wa karatasi kwenye fremu kwanza. Mkwaruzo huo hauondoki bila kupaka upya bluu, ile rangi inayokinga chuma na kutu, na bluu mpya inaua thamani. Bluu mpya utaitambua kwa herufi zilizochongwa: kingo zake zimelainika na matundu ya skrubu yamebonyea.

La pili ni vibao vya mpini. Kila kimoja kina skrubu mbili, zinazoingia kwenye vikombe vidogo vilivyofungwa ndani ya fremu. Ukikaza kupita kiasi, siku ya kufungua kikombe kinatoka pamoja na skrubu na hesi za fremu zinaliwa.

Springi ya slaidi: nguvu ya ratili 16 kwa risasi za .45 za nguvu kamili. Badilisha kila risasi 2,000 hadi 3,000. Maganda yakianza kuruka mbali kuliko kawaida, imechoka.

Kipuri75
Springi ya Hi-Power ni ratili 17, kwa kumbukumbu.

Huku Kenya magazeti yakiandika "Ceska", jina la kiwanda cha CZ, kila mtu anajua ni bastola, lakini CZ 75 ina sababu za kupendwa. Ndiyo pekee kati ya hizi ambayo risasi ya kwanza unaweza kuifyatua nyundo ikiwa imelala. Reli za slaidi zimo ndani ya fremu, kwa hiyo inakaa chini mkononi na hairuki sana. Hasara ni kwamba sehemu ya slaidi unayoishika ni fupi. Mkono wenye jasho unateleza.

Nunua kizuizi cha slaidi cha akiba siku ile ile. Mhimili wake ndio unaoshusha mtutu kila risasi, na hukatika. Ongeza springi ya kifyatulio. Mazoezi ya kufyatua bila risasi yafanywe kwa risasi bandia, la sivyo pini inayoshikilia pini ya kufyatulia inapondeka. Na magazini za nakala za CZ 75 zilizotengenezwa Italia usizidhanie zitaingia, jaribu kwanza.

Chuma_Tupu
Mikoba ya ngozi je? Nipo pwani.

Kipuri75
Ya kubebea, sawa. Ya kuhifadhia, hapana. Ngozi hunywa unyevu na kemikali za kuitengenezea hula bluu. Pwani ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiigusa, iweke kwenye kasha lenye pakiti za kunyonya unyevu, na uzibadilishe zikijaa maji.

Mzee_wa_Herstal
Na fungua vibao vya mpini kila mwezi. Jasho hujificha chini ya mbao, na kutu ya hapo hutaiona mpaka ishaacha vishimo. Kwa Hi-Power ni skrubu moja kila upande. Usiikaze sana, mti hupasuka pale pale kwenye tundu.

Chuma_Tupu
Basi ni Hi-Power, magazini nne, springi mbili za ratili 17, na msasa.

Gongo45
Na plasta ya kidole gumba.