Wamenifutia noti za miaka mitatu halafu wananiita "mpendwa"

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepinda mjue ni hasira.

Hawa jamaa wa vitabu vya kwenye simu, mnawajua, sina haja ya kuwataja, kila mtu humu ana kidonda chake nao. Juzi usiku apu yao ikaniomba niapdeti. Nikaapdeti, kwa bando langu mwenyewe. Asubuhi nafungua kitabu changu cha Sheria ya Ushahidi, kimekuwa cheupe kama kanzu ya Idi! Njano ya vifungu hakuna. Nyekundu ya hukumu hakuna. Bluu ya "hapa sijaelewa", ambayo kusema kweli ndiyo ilikuwa nyingi, hakuna. Noti zangu zilikuwa nene kuliko kitabu chenyewe, mwandishi angezikuta angeomba radhi.

Nimewaandikia, wamenijibu sasa hivi: "Pole mpendwa, kitabu chako kipo salama."

Kitabu! Nani kauliza kitabu? Ni kama umpeleke mtoto saluni apotee, halafu wakupigie simu kukwambia kitana kipo salama. Mpendwa! Mama yangu mzazi hajawahi kuniita mpendwa. Mtihani Jumatatu, wakuu. Kipo salama!

Kigoda cha Mbele: Nimeshakaa. Leteni kahawa na kashata.

Mzee Kalamu: Miaka mitatu kitabu kimoja? Mkuu, hapo tatizo siyo apu.

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Ila kama bluu ndiyo ilikuwa nyingi, hujapoteza kitu. Kutoelewa bado unako.

Fundi Nyaya: Tuache utani kidogo. Kwenye apu nyingi noti hazikai ndani ya kitabu, zinakaa pembeni zikiwa zimeshikilia anwani ya pale ulipopigia mstari. Faili jipya la kitabu likija, maneno yanasogea, noti zinakosa pa kushika. Mwaka 2009 Amazon walifuta riwaya ya George Orwell iitwayo "1984" kwenye Kindle, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, za watu waliokwisha kuinunua. Kijana mmoja wa shule Marekani akabaki na noti zisizo na kitabu. Wakashtakiwa, kesi ikaisha kwa kulipa dola 150,000.

Mleta uzi: Dola 150,000! Mimi nimelipwa "mpendwa".

Fundi Nyaya: Siku nyingine tumia PDF, ukihifadhi faili noti zinabaki humohumo ndani.

Mleta uzi: Siku nyingine? Mtihani ni Jumatatu!

Nyota Njema: Mimi nilijaribu kuzitoa zangu nje ya apu nizichape. Zikatoka chache, zilizobaki nikaambiwa mchapishaji kaweka kikomo. Yaani kupaka rangi ruhusa, kuondoka na ulichopaka mwiko.

Dada wa Kona: Afadhali yenu. Mimi nilimwazima mtu kitabu cha karatasi, kikarudi na mafuta ya maandazi kuanzia ukurasa wa 40 hadi wa 52.

Mzee Kalamu: Huyo alikisoma, mshukuru. Changu hakijarudi tangu 2019, na aliyekiazima nilimchangia harusi.

Dada wa Kona: Ulimchangia shilingi ngapi?

Mzee Kalamu: Ningejua ningetoa ya kitabu.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. "Kipo salama." Mnalielewa lile neno?

Kigoda cha Mbele: Kashata zimeisha huku.

Nyota Njema: Dawa ni kuhamia karatasi. Steshenari ya mtaani kwetu kopi shilingi 50, ukibaindi wanakupa na jalada la plastiki.

Bi Mkubwa: Shilingi 50 mtaa gani huo? Huku 100, na wino kama chai ya msibani.

Dada wa Kona: Chai ya msibani ina kosa gani? Bora hiyo kuliko ya harusini kwa rafiki yake Mzee Kalamu.

Mleta uzi: Noti zangu…

Mzee Kalamu: Mkuu, hebu kwanza. Nyota Njema, hiyo steshenari inafunga saa ngapi?